Historia Iliyo Mlangoni Petu

Msomaji, tufanye kwamba mgeni amefika leo nyumbani kwenu, ameketi kivulini, amekunywa maji, na sasa akuuliza maswali matatu. La kwanza, ni nani aliyefyeka msitu na kujenga nyumba ya kwanza katika kijiji hiki? La pili, kwa nini mto ule wa bondeni ukapewa jina lile ulilo nalo? La tatu, ngoma niliyoisikia usiku ng'ambo ya pili ilikuwa ikimlilia nani, na ni nani aliyeichonga? Je, utamjibu? Ikiwa wewe ni kama wanafunzi wengi niliowafundisha, utaweza kumweleza mgeni huyo habari za Vasco da Gama aliyefika Malindi mwaka 1498, na habari za mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885. Lakini kwa maswali yake matatu utakuna kichwa, kisha utasema, "Ngoja nikamwite mzee." Na ole wako ikiwa mzee hayupo tena.

Si nia yangu kukulaumu, maana kosa hili si lako peke yako. Vasco da Gama ameandikwa katika vitabu vingi, na vitabu hivyo vimewekwa mbele yako tangu ulipokuwa mdogo. Mtu wa kwanza wa kijiji chenu hakuandikwa popote. Habari zake zimekaa vifuani mwa wazee, na mwenye kifua akiondoka, huondoka nacho pamoja na yote yaliyomo. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara, lakini neno lao latufaa na sisi tusiouza wala kununua, kwa kuwa historia ya watu ni mali yao, na daftari yake ni wajibu wa kila mwenye kujua kuandika.

Huenda ukasema, "Kijiji chetu ni kidogo. Hapakupiganwa vita vikubwa, wala hakuzaliwa mfalme. Kina historia gani?" Nakusihi usiyaseme maneno hayo kabla hujatafuta. Mambo makubwa ya ulimwengu hayapiti angani kama mawingu; hupita chini, njiani, kati ya shamba la huyu na zizi la yule. Kwa mfano tuitazame Kakamega, iliyokuwa wilaya zamani na ambayo sasa ni kaunti, katika magharibi ya Kenya.

Karne ya kumi na tisa ilipokaribia kwisha, misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa ikifika katika nchi ya Wanga kutafuta pembe za ndovu. Mtawala wa Wanga alikuwa Nabongo Shiundu, na wasafiri wakayaita makao yake Kwa Sundu. Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson, Mskoti, alifika huko, akamkuta Mumia mwana wa Shiundu akiwa ndiye Nabongo. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alipitia hapo akielekea Uganda, naye akauawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Baadaye Waingereza waliweka boma lao kwa Mumia, na mji ukaitwa Mumias kwa jina lake. Mwaka 1920 makao ya serikali yalihamishwa kutoka Mumias yakapelekwa Kakamega. Nabongo Mumia aliishi akayaona mabadiliko hayo yote, akafariki mwaka 1949.

Hayo yameandikwa, na ukiyatafuta utayapata. Lakini ni nani waliowauzia watu wa misafara nafaka na kuku? Walilala wapi walipokuwa njiani? Ni ukoo gani uliowapokea vizuri, na ni ukoo gani uliojificha msituni uliposikia sauti ya bunduki? Lugha hii ya Kiswahili, ambayo mimi na wewe twaitumia sasa, ilisikika katika nchi hiyo kwa vinywa vya watu wa misafara kabla shule ya kwanza haijajengwa. Maneno gani yalitangulia kujulikana? Mambo kama hayo hayamo katika kitabu cha msafiri, kwa kuwa msafiri aliandika alichokiona yeye, naye alikuwa na haraka. Aliyeyaona mengine ni mwenyeji, na mwenyeji hakuandika, alimsimulia mwanawe. Basi historia ya kijiji ndiyo inayolijaza pengo lililoachwa na kitabu cha mgeni.

Tena si pengo la maneno tu. Nitakueleza jambo la pili, uone kwamba kutojua historia ya mahali pako kwaweza kukugharimu. Mwaka 1931 mlowezi mmoja Mmarekani, L. A. Johnson, aligundua dhahabu katika nchi ya Kakamega. Ulikuwa wakati wa msukosuko mkubwa wa uchumi duniani. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka, na walowezi wengi walikuwa wamezama katika madeni. Habari ya dhahabu ilipoenea, wakamiminika kwa mamia. Vilima vilivyokuwa mashamba ya wimbi na mahindi vikachimbwa mitaro, na vijito vikageuka rangi kwa tope.

Sasa angalia jinsi sheria ilivyokwenda. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria iliyowaahidi Waafrika kwamba ardhi waliyotengewa itakuwa yao daima, na kwamba sehemu yake yoyote ikitwaliwa kwa haja ya umma, watapewa ardhi nyingine badala yake. Ahadi hiyo haikumaliza miaka mitatu. Desemba 1932 sheria ilibadilishwa haraka, hata ardhi yenye madini ikaweza kutwaliwa kwa fidia ya fedha, bila ya kutafutwa ardhi nyingine, wala baraza la wenyeji kutakwa shauri kwanza. Jambo hilo likazusha mjadala mkali hata katika Bunge la Uingereza mwaka 1933. Uchimbaji uliendelea. Mgodi mkubwa kuliko yote, ulioitwa Rosterman, ulifungwa mwaka 1952, lakini jina lake limebaki kuwa jina la mahali mpaka leo. Na wenyeji husema kwamba jina la Ikolomani, upande wa kusini wa kaunti, latokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mgodi wa dhahabu, yaliyogeuzwa na ndimi za watu wa huko.

Katika miaka ya 2020 utafutaji mkubwa wa dhahabu umerudi Ikolomani, na swali la zamani limerudi pamoja nao: nani ahame, na alipwe nini? Kijana anayezijua habari za mwaka 1932 ataingia katika mkutano wa hadhara akiwa na maswali mazuri. Atauliza kama ahadi imeandikwa, na nani aliyeitia sahihi, na mwenye kuhama atapata ardhi au atapata fedha tu. Asiyezijua atapiga makofi anapopiga makofi jirani yake. Sitaki kusema kwamba historia humpa mtu jibu la kila jambo, lakini humpa swali la kuuliza, na mara nyingi hilo ndilo linalomwokoa.

Msomaji, sasa yanipasa kukiri kosa langu mwenyewe, ili lisiwe lako. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu niliamua kuandika habari za ukoo wetu. Nilikwenda kwa wazee wawili waliosifika kwa kumbukumbu, nikakaa nao siku nyingi, nikajaza daftari nzima. Walinipa majina ya mababu, vita na majirani, na safari ya ukoo mpaka mahali tulipo. Nyanya yangu alikuwa jikoni siku hizo zote. Alituletea chai na viazi, akasimama kidogo mlangoni kusikiliza, akacheka, akarudi jikoni. Sikumwuliza neno. Nilidhani historia ni ya wanaume, na kwamba yeye, aliyeolewa akatoka ukoo mwingine, hakuwa na la kunieleza.

Alipofariki, akina mama waliofika matangani walianza kumwimba. Wakawataja watoto aliowazika wakati wa ugonjwa, na jirani aliyemficha alipokuwa akitafutwa, na kisima alichokichimba pamoja na wake wenzake, ambacho jina lake mimi nililijua lakini maana yake sikuijua. Nikatambua, tena mbele ya jeneza, kwamba daftari yangu ilikuwa na nusu tu ya habari. Mwanamke aliyeolewa ana historia ya koo mbili: ule aliotoka na ule alioingia. Naye hukumbuka yale ambayo wanaume hawayaweki akilini: mwaka wa njaa tulikula majani gani, na ugomvi fulani ulipatanishwa kwa chakula cha nani. Nilirudi kwa wale wazee wawili kuwauliza habari za kisima, nao wakaniambia, "Mambo hayo alikuwa akiyajua nyanya yako." Basi ukiwa na nyanya aliye hai, kifunge kitabu hiki kwa muda, uende ukaketi naye.

Matanga hayo yanipeleka katika jambo la sherehe, kwa sababu katika nchi zetu sherehe ndizo zilizokuwa maktaba. Kabla ya kuwa na karatasi watu walikuwa na siku maalumu za kukutana, na katika siku hizo mambo yaliyopasa kukumbukwa yaliimbwa, yakachezwa, yakatajwa mbele ya mashahidi. Mtoto alipozaliwa alipewa jina la aliyetangulia, na aliyetangulia akasimuliwa. Mzee alipofariki, nasaba yake ilitajwa kaburini, na kila aliyeikosea alisahihishwa hapo hapo. Hayo ndiyo masomo, na huo ndio mtihani.

Kwa Waisukha na Waidakho wa Kakamega, moyo wa mikutano hiyo ni isukuti. Jina hilo ni la ngoma zenyewe na la mchezo wake pia. Ngoma huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, nazo hufuatana na pembe ya paa na njuga za chuma. Mwimbaji mmoja huongoza, wengine huitikia, wanaume katika safu yao na wanawake katika yao, na mwendo wake ni wa kasi na wa nguvu. Isukuti hupigwa mtoto anapozaliwa, vijana wanapotoka jandoni, watu wanapooana, kiongozi anaposimikwa, na mtu anapozikwa. Huwasindikiza pia mafahali wanaokwenda kupigana. Ukipita Khayega au Shinyalu alfajiri ya siku ya mchezo, utawasikia watu kabla hujawaona: pembe zinalia, vijana wanakimbia na matawi mikononi, na katikati yao fahali anakwenda kwa majivuno kukutana na mwenzake. Hapigani na mtu, hupigana na fahali. Naye anayegeuka akakimbia ndiye aliyeshindwa. Sifa za fahali huimbwa pamoja na sifa za mwenye fahali, za baba yake, na za kijiji chake. Nazo ni historia, ijapokuwa zina chumvi.

Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika isukuti katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Wengine waliposikia habari hiyo walishangilia kana kwamba wamepewa kombe. Tafadhali uyapime maneno yenyewe: kuokolewa kwa haraka. Zipo orodha za heshima, na hii si mojawapo. Yafanana zaidi na orodha ya wagonjwa mahututi. Sababu zilizotajwa ni wazi. Wajuzi wengi wamezeeka na hawana warithi. Fedha na vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi ni haba. Watunzi hupendelea muziki unaoleta fedha. Na wasikilizaji nao wameelekea burudani za kisasa.

Pengine utaniambia kwamba isukuti haifi, kwa kuwa umeiona ikichezwa na wanafunzi katika mashindano ya muziki ya Kenya, mashindano ambayo yalianza mwaka 1927, na ikachezwa vizuri sana. Ni kweli, na ninawasifu walimu wanaoifundisha. Lakini fikiri kidogo. Jukwaani ngoma hupewa dakika chache. Mchezaji hana marehemu wa kumlilia wala bwana arusi wa kumsifu. Ana waamuzi mbele yake na alama za kutafuta. Miguu inakumbuka, lakini majina yamesahauliwa. Wimbo uliokuwa ukitaja watu wa kijiji fulani sasa unamtaja mgeni wa heshima. Ngoma imeokoka, lakini mzigo iliokuwa ikiubeba umeanguka njiani. Kwa hiyo anayetaka kuhifadhi sherehe asiandike hatua za kucheza tu. Na aandike pia ilichezwa siku gani, kwa ajili ya nani, nani aliongoza, alitaja majina gani, na fundi wa ngoma ni nani, na alijifunza kwa nani. Hayo ndiyo yanayoifanya sherehe kuwa kumbukumbu.

Pamoja na watu na ngoma, kuna mahali. Ukisafiri kutoka Kakamega kwenda Kisumu utapita Ilesi, ambako kuna jabali kubwa lililosimama wima, na juu yake limebeba jiwe jingine mfano wa kichwa. Maji hutiririka usoni mwake kama machozi, na kwa hiyo huitwa Jiwe Linalolia. Wenyeji huliita Ikhonga Murwi. Kuna wanaosema kwamba ni binti aliyeadhibiwa kwa kupenda asipopaswa kupenda, na kuna wanaosimulia vingine. Ilesi hiyo hiyo yasifika kwa ufinyanzi, na vyungu vyake huuzwa kando ya barabara. Hata jina la Kakamega lenyewe lina simulizi zaidi ya moja: wako wanaosema latokana na neno la kumega, kwa jinsi mgeni mmoja alivyofundishwa kula ugali, na wako wanaolihusisha na Wanandi waliokuwa majirani.

Msomaji, usijitie taabu ya kuchagua simulizi moja na kuzitupa nyingine. Kazi ya mwandishi wa historia ya kijiji ni kuandika kila simulizi jinsi ilivyosimuliwa, na jina la aliyeisimulia. Jiwe halikuwa binti, hilo twalijua. Lakini kwamba watu walimsimulia mtoto wa kike habari hiyo kwa vizazi vingi, hilo nalo ni jambo la kweli, na latufundisha walivyoogopa na walivyotumaini.

Kazi ninayokuhimiza si ngeni. John Osogo alitoa kitabu chake juu ya historia ya Waluhya mwaka 1966. Gideon Were alizunguka magharibi ya Kenya akiwasikiliza wazee wa makabila madogo madogo ya Waluhya, na mwaka 1967 vikatoka vitabu viwili: kimoja cha historia aliyoitunga kutokana na maneno yao, na kingine cha maneno yenyewe ya wazee. Ninakipenda zaidi hicho cha pili, kwa sababu kinamruhusu msomaji kumsikia mzee bila kusimamiwa na mtu katikati. Mbali na Kakamega, katika nchi ya Usambara, Abdallah bin Hemedi aliandika kwa Kiswahili habari za Wakilindi waliotawala huko, na kitabu chake kikapigwa chapa karibu na mwisho wa karne ya kumi na tisa na mwanzo wa ile iliyofuata. Hakungoja mgeni aje amwandikie.

Hata hivyo karatasi nayo hufa. Watu wa Pate walikuwa na kitabu cha habari za masultani wao, na yasemekana kiliangamia huko Witu mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji huo. Kama habari hizo zingekuwa katika kitabu kimoja tu, zingekwisha siku hiyo. Lakini alikuwako mzee mmoja wa ukoo wa watawala, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini, ambaye alizihifadhi kichwani, naye akawasimulia watu mbalimbali wakaziandika. Hapo kichwa kiliokoa karatasi. Kwetu mara nyingi karatasi ndiyo itakayookoa kichwa. Funzo ni moja: jambo lililowekwa mahali pamoja lina adui mmoja tu wa kulimaliza.

Sasa nitakuonyesha jinsi ya kuanza. Huhitaji fedha nyingi. Wahitaji daftari, kalamu, adabu, na subira. Ukiwa na simu yenye kunasa sauti, vema. Lakini omba ruhusa kwanza, maana sauti ya mtu ni mali yake. Nenda kwa mzee asubuhi, wakati hajachoka, wala usiende mikono mitupu. Usimwulize, "Nieleze historia ya kijiji," kwa sababu swali kubwa hupata jibu fupi. Mwulize alizaliwa wapi, nyumba ilielekea wapi, jirani alikuwa nani, shamba la kwanza alilolima lilikuwa la nani. Swali dogo hufungua mlango, na mlango ukifunguka mzee ataingia mwenyewe.

Tarehe zitakutatiza, kwa kuwa wazee wengi hawakuzaliwa na kalenda ukutani. Basi tumia matukio yanayojulikana kama vigingi. Mtu aliyezaliwa mwaka 1935 alikuwa na miaka 14 Nabongo Mumia alipofariki, miaka 17 mgodi wa Rosterman ulipofungwa, na miaka 28 Kenya ilipopata Uhuru mwaka 1963. Ukimwuliza, "Ulikuwa umeoa wakati wa Uhuru?" umepata kipimo. Wabukusu wana marika manane yanayofuatana kwa duara, nayo ni Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Mtu akikutajia rika lake amekupa tarehe. Na kwa mambo ya kale zaidi hesabu vizazi. Kizazi kimoja hukadiriwa kuwa kati ya miaka 25 na 30. Ikiwa mzee wako wa mwaka 1935 anawataja mababu sita kabla yake, yule wa sita alizaliwa yapata miaka 150 hadi 180 kabla ya yeye, yaani kati ya mwaka 1755 na 1785. Si hesabu kamili, lakini ni bora kuliko kusema "zamani sana".

Kusanya pia karatasi zilizo nyumbani. Siku hizi mtu anapozikwa, jamaa zake hupiga chapa kijitabu cha ibada chenye maisha ya marehemu: alizaliwa lini, wazazi wake, shule alizosoma, kazi aliyofanya, watoto na wajukuu. Watu huvisoma, huvikunja, kisha huwashia moto jikoni. Mwanafunzi atakayeviweka vijitabu vya kijiji kimoja kwa miaka 20 atakuwa na historia ambayo hakuna chuo kikuu kinachoweza kuinunua.

Zipo hatari tatu za kujihadhari nazo. Ya kwanza ni sifa. Wahenga walisema, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," na msimulizi naye ni mgema. Ukionyesha kwamba wapenda habari za mashujaa, kila babu atakuwa shujaa. Sikiliza kwa heshima, kisha ukamwulize mtu wa ukoo mwingine. Ya pili ni ugomvi wa ardhi. Ukijua kwamba koo mbili zinagombea mpaka, andika maneno ya pande zote mbili kwa usawa, au uache mpaka ugomvi utulie. Usiifanye daftari yako kuwa wakili wa upande mmoja. Ya tatu ni siri. Yako mambo ya jando na ya matambiko ambayo wenyewe hawapendi yatangazwe. Wakikuambia, "Hili liishie hapa," na liishie hapo. Mwandishi asiyeweza kunyamaza hataambiwa jambo la pili.

Tena utakutana na mtu mwema atakayekuambia kwamba mambo ya kale ni ya giza, na kwamba mcha Mungu hapaswi kuyagusa. Mjibu kwa upole kwamba kuandika jambo si kulifuata. Si kila desturi ya mababu yafaa kurudishwa. Ziko zilizowaumiza wanawake na wanyonge, na ni heri zimekoma. Lakini asiyejua zilikuwa nini hawezi kueleza kwa nini zikaachwa. Na yule anayesema, "Mwacha mila ni mtumwa," mkumbushe naye kwamba hata mila yenyewe huhitaji kuchaguliwa na watu walio huru, wanaojua wanachokishika na wanachokiacha.

Mwisho, usiifungie daftari yako sandukuni. Itoe nakala tatu au nne: moja shuleni, moja kwa liguru wa kijiji, moja kanisani au msikitini, na moja kwako. Kisha chagueni siku moja katika mwaka, yamkini katika Desemba wakati watu wa kijiji waliotawanyika mijini wanaporudi kwao. Majirani zetu Wamaragoli huko Mbale wana sherehe yao ya utamaduni kila tarehe 26 Desemba. Kijiji kidogo hakihitaji umati kama ule. Yatosha kiwanja, ngoma tatu, chakula, na mtoto mmoja wa shule atakayesimama mbele ya wazee asome aliyoyaandika. Wazee watamkatiza na kumsahihisha. Mmoja atasema, "Sivyo, aliyekuja kwanza ni yule." Mwingine ataongeza jina lililosahauliwa. Akina mama wataanza wimbo ambao vijana hawajapata kuusikia. Siku hiyo daftari itakuwa imerudi katika sherehe, na sherehe itakuwa imeingia katika daftari.

Nilitangulia kukuambia habari za mgeni aliyeketi kivulini. Mgeni huyo, msomaji, si mtu wa mbali. Miaka 40 ijayo atakuja kuketi mbele yako akiwa mjukuu wako, naye atakuuliza maswali yale yale matatu. Wakati huo hutakuwa na mzee wa kumwita, kwa kuwa mzee utakuwa wewe. Anza leo.